Nani mwenye kauli juu ya .tz? Somo kwa mfanyabiashara wa Mpanda

WAFANYABIASHARA wengi wa Mpanda wanaijua thamani ya ghala, gari, kiwanja na mzigo ulioko njiani. Wachache wamekwisha kujiuliza thamani ya jina ambalo biashara zao zinatumia kwenye intaneti. Wachache zaidi wamejiuliza ni nani mwenye uwezo wa kulitoa jina hilo, kulizuia au kulifuta.

Swali hilo si la wataalamu wa kompyuta peke yao. Chukulia mfano wa mfanyabiashara wa asali mjini Mpanda anayekusanya mzigo kutoka kwa wafuga nyuki wa Inyonga, wilayani Mlele. Amechapisha lebo zenye anwani ya tovuti yake, inayoishia na .co.tz. Wanunuzi wa Dar es Salaam wanaagiza kwa barua pepe ya jina hilo hilo, na ankara zake zinatoka humo. Siku jina likizimika, asali haitamwagika. Lakini oda hazitafika, na wanunuzi watadhani amefunga biashara. Mbaya zaidi, mtu mwingine akilichukua jina hilo, anaweza kuwaandikia wateja wale wale na kuwaelekeza walipe kwenye akaunti yake.

Kwa hiyo jina ni sehemu ya mtaji. Somo la wiki hii linachambua mtaji huo umeandikwa kwenye daftari la nani, na mwenye daftari anawajibika kwa nani.

KIKOA NI NINI

Jina linaloishia na .tz huitwa jina la kikoa. Kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa namba. Kazi ya mfumo wa vikoa ni kugeuza jina ambalo binadamu analikumbuka liwe namba ambayo kompyuta inaielewa.

Juu kabisa ya mfumo huo kuna daftari moja la dunia, ambalo wataalamu huliita mzizi. Daftari hilo halina majina ya biashara. Lina orodha ya miisho tu: .com, .org, .tz, .ke na mingineyo. Mbele ya kila mwisho limeandikwa ni nani anayeutunza na seva zake ziko wapi. Mtunzaji wa .tz naye ana daftari lake, na humo ndimo majina ya Watanzania yanamoandikwa: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa jumuiya na mashirika, .ac.tz kwa vyuo, .go.tz kwa serikali.

Kwa hiyo zipo kauli mbili zinazokaa juu ya mfanyabiashara. Ya kwanza ni ya anayetunza daftari la .tz. Ya pili ni ya anayetunza mzizi, kwa sababu yeye ndiye anayeamua mtunzaji wa .tz ni nani.

Mzizi hutunzwa na ICANN, shirika lisilo la faida lililoundwa mwaka 1998 katika jimbo la California, Marekani. Kwa miaka mingi lilifanya kazi hiyo kwa mkataba na Wizara ya Biashara ya Marekani, iliyokuwa ikiidhinisha kila badiliko. Mkataba huo ulikoma Oktoba 1, 2016. Tangu hapo hakuna serikali moja yenye kalamu ya mwisho juu ya daftari hilo.

DHAMANA, SI MALI

Kabla ya ICANN, kazi hiyo iliongozwa na mtaalamu mmoja wa Marekani, Jon Postel, aliyefariki mwaka 1998. Mwezi Machi 1994 alitoa waraka uliokuwa msingi wa mambo yote yaliyofuata. Waraka huo ulisema mtunzaji wa kikoa cha nchi ni mdhamini: anakishika kwa niaba ya wananchi wa nchi ile na kwa niaba ya watumiaji wa intaneti duniani. Uliongeza kwamba kudai haki na umiliki wa kikoa si jambo la mahali pake, na kwamba linalofaa kuulizwa ni wajibu na huduma. Postel pia alikwepa mtego wa kuamua nchi ni ipi na ipi siyo. Alichukua orodha ya herufi mbili mbili iliyokwisha kutengenezwa na Shirika la Viwango la Kimataifa, ambamo Tanzania ni TZ.

Wazo hilo la dhamana si geni kwa mtu wa Mpanda. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia. Mwenye hati ana haki ya kukaa, kujenga na kuuza haki yake kwa utaratibu uliowekwa, lakini ardhi yenyewe haijawa yake moja kwa moja. Mwenye jina la .co.tz yuko katika hali inayofanana na hiyo. Ana haki ya kulitumia kwa muda aliolipia na kwa masharti aliyokubali. Hata anayetunza daftari zima la .tz hana mali ya kuuza. Ana dhamana ya kutimiza.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Kiwanja cha Mpanda hakiwezi kuhamishwa kikapelekwa ng'ambo, lakini daftari la kikoa linaweza. Afrika Kusini ilijifunza hivyo mwaka 2002, Bunge lilipopitisha sheria ya kuipa taasisi mpya madaraka juu ya .za. Mike Lawrie, mtaalamu aliyekuwa akitunza kikoa hicho, alitangaza kwamba amelihamishia faili kuu nje ya nchi ili serikali isije ikalichukua kwa nguvu na kulivuruga. Baada ya mvutano yalifanyika makabidhiano. Kwa muda lakini, majina ya biashara za nchi yenye uchumi mkubwa yalitegemea busara ya mtu mmoja na uvumilivu wa serikali moja.

SAFARI YA .TZ

Kikoa cha .tz kiliandikwa kwenye mzizi mwezi Julai 1995. Katika miaka ya mwanzo majina yalikuwa machache, na kazi ilifanywa kwa moyo wa kujitolea. Utaratibu huo ulitosha wakati intaneti ilipokuwa ya vyuo na ofisi chache. Biashara zilipoingia, haukutosha tena. Mtu anayejitolea hawezi kudaiwa afungue dirisha saa mbili asubuhi, na hakuna mkataba wa kumshitakia.

Mwaka 2006 iliundwa tzNIC, kampuni isiyo ya faida. Ilikuwa na wanachama wawili: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ni chombo cha serikali kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na TISPA, chama cha kampuni zinazotoa huduma ya intaneti. Mwaka 2010 kikoa kilikabidhiwa rasmi kwa tzNIC kwenye daftari la dunia. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta.

Baadaye kazi za tzNIC zilihamia TCRA yenyewe, ambayo ndiyo inayotunza .tz hivi leo. Mfanyabiashara hanunui jina moja kwa moja kutoka TCRA. Hulipata kwa wasajili walioidhinishwa, ambao ni kampuni za kawaida zinazoshindana kwa bei na huduma. Majina ya .go.tz yana njia yake, chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Kwa hiyo .tz imepita mikono ya aina tatu: ya wataalamu wa kujitolea, ya ubia wa serikali na sekta binafsi, na ya mdhibiti wa serikali. Kila badiliko lilikuwa na sababu. Linalomhusu mfanyabiashara ni kujua kila mkono una faida gani na hatari gani.

MAJIRANI

Kenya ilipita njia inayokaribiana na hiyo. Kikoa cha .ke kiliandikwa mwaka 1993, msimamizi wake akiwa Dk. Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mbunge. Kadiri biashara ya intaneti ilivyokua, kampuni za Nairobi na tume ya mawasiliano zilitaka kikoa kitoke mikononi mwa mtu binafsi. Baada ya mabishano marefu, mwezi Desemba 2002 kilihamishiwa KeNIC, taasisi yenye uwakilishi wa serikali, kampuni za intaneti na watumiaji. Uganda ilichukua njia nyingine: kwa miaka mingi .ug imeendeshwa na kampuni binafsi, na mjadala kuhusu nafasi ya serikali umerudi mara kwa mara.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna somo la namna nyingine. Mwezi Mei 1997 Zaire ilibadilika kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Orodha ya herufi ikabadilika pia, na .cd ikaandikwa kwenye mzizi mahali pa .zr. Mwaka 2001 .zr ilifutwa kabisa. Aliyechapisha karatasi na mihuri yenye jina la .zr alibaki na karatasi na mihuri tu. Siasa ya nchi inaweza kufuta jina ambalo mwenyewe alilipia bila kuchelewa hata siku moja.

KISIWA KILICHOUZA HERUFI

Wapo waliouona mwisho wa nchi kama bidhaa. Tuvalu ni nchi ndogo ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, yenye watu wapatao 10,000. Kwa bahati herufi zake ni TV. Takriban mwaka 2000 serikali yake iliingia mkataba na kampuni ya Marekani, ulioahidi dola milioni 50 katika muda wa miaka 12. Mwaka huo huo Tuvalu ikajiunga na Umoja wa Mataifa, ikisaidiwa na fedha hizo kumudu gharama. Mwenye herufi nzuri na serikali yenye kauli juu yake anaweza kupata pato la taifa bila kuuza dhamana yenyewe. Tuvalu imekodisha kazi ya kutunza daftari, na imebadilisha mkodishaji ilipoona masharti bora.

Libya ni kinyume chake. Herufi zake LY zilipendwa na kampuni za nje kwa sababu zinamalizia maneno mengi ya Kiingereza. Mwaka 2010 mamlaka za huko zililifunga jina moja fupi, vb.ly, lililokuwa likitumiwa na wafanyabiashara wa Marekani, kwa maelezo kwamba tovuti yao inakwenda kinyume cha sheria na maadili ya Libya. Wenye jina hawakuwa na pa kukimbilia. Anayeazima herufi za nchi nyingine ameazima na mahakama zake.

Hata .com haiko nje ya kanuni hiyo. Daftari lake linatunzwa na kampuni ya Marekani, na vyombo vya dola vya huko vimekwisha kuchukua majina ya .com kwa amri ya mahakama. Mfanyabiashara wa Mpanda anayekimbia .tz kwa kuhofia serikali moja anajiweka chini ya serikali nyingine, ambayo mahakama yake iko mbali zaidi na nauli yake ni kubwa zaidi.

MAHAKAMA IKAULIZWA

Swali la mali au dhamana lilifika mahakamani mwaka 2014. Watu waliokuwa wameshinda kesi za fidia dhidi ya Iran, Syria na Korea Kaskazini katika mahakama za Marekani waliomba wakabidhiwe vikoa vya .ir, .sy na .kp ili wajilipe deni lao. ICANN ilipinga. Mahakama ya chini ilikataa ombi hilo, na mwezi Agosti 2016 mahakama ya rufani jijini Washington nayo ikakataa. Majaji wa rufani hawakumaliza ubishi kama kikoa ni mali. Walitazama madhara kwa watu wa tatu: wenye majina waliosajili kwa nia njema chini ya vikoa hivyo, na mfumo mzima wa intaneti unaotegemea kuaminiwa kwa mzizi.

Hoja hiyo ina uzito kwa mfanyabiashara mdogo. Wakubwa wanapogombea daftari, walioandikwa ndani yake hawakuulizwa. Mpangilio mzuri ni ule unaowalinda hata wakati wakubwa wanagombana.

SERIKALI AU SOKO?

Wanaotetea serikali wanasema kikoa cha nchi ni kama bendera: hakiwezi kuachiwa kampuni inayoweza kufilisika au kuuzwa. Hoja hiyo inakubalika kimataifa. Mkutano wa dunia uliofanyika Tunis mwaka 2005 ulikubaliana kwamba nchi moja isiingilie maamuzi ya kikoa cha nchi nyingine. Kamati ya serikali ndani ya ICANN nayo imeandika kwamba sera ya umma ya kikoa ni ya serikali na wananchi wa nchi husika.

Wanaotetea sekta binafsi wanajibu kwamba serikali huchelewa, na kwamba mwenye kalamu ya sheria akishika na kalamu ya daftari, anayemkosoa anaweza kujikuta amefutwa.

Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini swali lao lina kasoro. Wanauliza daftari liwe la nani. Mfanyabiashara anapaswa kuuliza anayelishika anamjibu nani, na asipotimiza wajibu wake inakuwaje.

Mwekezaji mdogo ana mfano wa karibu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwezi Aprili 1998. Soko ndilo linaloendesha mauzo ya hisa kila siku, lakini msimamizi wa sheria ni chombo kingine, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mamlaka haiuzi hisa, na soko halijitungii sheria. Mwekezaji akidhulumiwa sokoni anajua pa kupeleka malalamiko, na anayeyapokea siye aliyefanya kosa. Vivyo hivyo Benki Kuu inasimamia mabenki, lakini haifungui akaunti za wananchi dirishani.

Kwa kipimo hicho, ubia wa tzNIC ulikuwa na ubora wake. Aliyetunza daftari alikuwa mmoja na mdhibiti mwingine, japokuwa mdhibiti alikuwa na kiti ndani ya kampuni. Mpango wa sasa una ubora wake pia: chombo chenye bajeti, chenye sheria, kisichoweza kufunga ofisi usiku na kutoweka. Udhaifu wake ni kwamba mchezaji na mwamuzi wamekaa nyumba moja. Mwenye jina akigombana na mtunza daftari, anagombana na mdhibiti.

Udhaifu huo haukuachwa bila dawa. Maamuzi ya TCRA yanaweza kukatiwa rufani kwenye Baraza la Ushindani. Kwa migogoro kati ya wenye majina wenyewe, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani la Geneva ni miongoni mwa vyombo vinavyopokea mashauri ya .tz. Lakini rufani ni dawa ya aliyekwisha kuugua, na kwa mtu aliyeko Mpanda ina gharama ya wakili, safari na siku za biashara.

Kwa hiyo jibu linalomfaa mfanyabiashara lina sehemu tatu. Kwanza, kauli ya mwisho ya sera iwe ya nchi, kwa sheria iliyoandikwa na kutangazwa. Pili, utunzaji wa daftari wa kila siku utenganishwe na udhibiti; ikishindikana kutenganisha taasisi, basi angalau hesabu zake, watumishi wake na taratibu zake za malalamiko zitenganishwe. Tatu, wanaolipia majina, wakiwemo wa mikoani, wawe na kiti mezani pale ada na masharti yanapopangwa.

LA KUFANYA SASA

Wakati mjadala huo unaendelea, yapo mambo ambayo kila mwenye biashara anaweza kuyafanya kabla ya mwisho wa mwezi.

Kwanza, ahakikishe jina limeandikwa kwa jina la biashara yake, si la fundi aliyemtengenezea tovuti. Fundi akihama mji, jina lisihame naye.

Pili, aweke kumbukumbu ya tarehe ya kulipia upya, kama anavyoweka ya leseni ya biashara na bima ya gari.

Tatu, barua pepe aliyompa msajili isiwe ya jina lile lile. Jina likizimika, taarifa ya kuzimika itatumwa kwenye anwani iliyozimika.

Nne, asidhani kwamba kusajili jina la biashara BRELA kumempa na kikoa. Ni madaftari mawili tofauti. Kwenye kikoa kanuni ni anayetangulia kuomba ndiye anayepewa, kwa hiyo inafaa kuomba yote mawili kwa wakati mmoja.

Tano, asome masharti ya msajili kabla ya kulipa, hasa kifungu cha kuhamia kwa msajili mwingine.

Mwekezaji mdogo anayetazama kampuni ya kuweka fedha zake anaweza kuongeza swali moja kwenye orodha yake: majina ambayo kampuni hii inauzia yameandikwa kwa nani, na chini ya sheria ya nchi gani? Kampuni isiyoweza kujibu swali hilo haijui mali zake zote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jina la biashara yako kwenye intaneti limeandikwa kwa jina la nani, na muda wake unakwisha lini?

2. Msajili wako akifunga ofisi leo, utakwenda kwa nani kesho?

3. Eleza tofauti kati ya kumiliki kikoa na kukishika kwa dhamana, ukitumia mfano wa hati ya kiwanja.

4. Kwa nini si vema mtunza daftari na mdhibiti wakawa mtu mmoja? Toa mfano kutoka soko la hisa.

Aliyejibu maswali mawili ya kwanza bila kufungua droo, biashara yake iko salama kiasi. Aliyeshindwa apige simu kwa msajili wake kabla duka halijafungwa leo.